Tuachieni ukingo wa barabara, sisi wa magoti

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, kwa niaba yangu na ya wazee wenzangu wa Malindi ambao goti likianza kuuma huambiwa neno moja tu: "Kaa, pumzika." Mimi nimekaa maisha yangu yote. Ni fundi wa nguo, cherehani ya miguu, kibarazani kwangu Maweni, tangu kabla sijazaa mtoto wa kwanza. Lau kukaa kungekuwa dawa ya magoti, yangu yangekuwa ya msichana.

Sasa naendesha baiskeli. Naiendesha polepole, asubuhi kukishapambazuka na jioni jua likipungua ukali, kwa idhini ya daktari na kwa mshangao wa mtaa mzima. Nimekuja kuona kwamba baiskeli yatufaa sana sisi wenye viungo vibovu, na mji wetu ni tambarare, wala hauna kilima cha kumtisha mtu. Kinachotushinda ni barabara. Hazina mahali pa mtu anayekwenda polepole, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Lakini kwanza nizungumze kuhusu goti lenyewe, maana huko ndiko watu wanakochanganya mambo. Kwetu pwani kila maumivu ya viungo huitwa baridi yabisi, na lawama zikatupiwa upepo, feni na maji ya barafu. Daktari aliniketisha akanieleza kwamba langu ni goti lililolika. Gegedu linalofunika ncha za mifupa limekuwa jembamba, na pembeni mfupa umeota vijipembe. Ndiyo maana asubuhi goti hukaza dakika chache kisha likalegea, na ngazi hunitoa jasho. Mwenye jongo ni mwingine: huyo kidole gumba cha mguu au goti humvimba ghafla usiku, likawa jekundu na la moto hata shuka haliwezi kugusa. Na yuko wa tatu, ambaye kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo inayoshambulia viungo, akaamka vidole vya mikono yote miwili vimevimba na kukakamaa saa nzima au zaidi. Hawa watatu wakija kibarazani kwangu wote watasema "baridi yabisi", na wote watapendekezewa mafuta yale yale ya kuchua. Dawa zao haziko pamoja. Tena mwenye kiungo kilichovimba na kuwaka moto hana ruhusa ya kupanda baiskeli siku hiyo, hata awe amezoea vipi. Kwa hivyo msomaji asinunue baiskeli kwa kunisoma mimi. Apite kwa daktari kwanza, hasa kama ana maradhi ya moyo, kisukari au kizunguzungu.

Mimi pia nina presha, na hapo ndipo mambo mawili yalipokutana. Goti likiuma, wengi wetu hukimbilia duka la dawa tukanunua vidonge vya maumivu vya diclofenac, tukameza leo na kesho na kesho kutwa. Dawa za jamii hiyo hupandisha presha, na zikizoeleka huumiza tumbo na figo. Daktari alinikanya nisizifanye chakula. Nikamuuliza, basi nifanye nini? Akasema: sogeza goti, imarisha paja, punguza uzito. Kisha akanipa mfano ambao sijausahau: kila kilo moja unayoipunguza mwilini, goti hupunguziwa karibu kilo nne katika kila hatua unayopiga. Mtu akitembea, goti hubeba zaidi ya mara mbili ya uzito wake. Akishuka ngazi hupita mara tatu. Kwenye baiskeli sehemu kubwa ya mzigo hukaa kitini, goti likabaki na kazi ya kukunja na kukunjua tu. Na kukunja na kukunjua kwenyewe ni riziki yake, kwani gegedu halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute ulio ndani ya kiungo, na ute huo husambazwa na mwendo.

Sikuanza kujifunza utu uzimani. Nilipokuwa msichana Mambrui nilikuwa naiba baiskeli ya kaka yangu, ile nyeusi nzito, nikaingiza mguu mmoja chini ya bomba la katikati kwa sababu juu sikufikia. Mwili haukusahau. Asiyewahi kabisa ni bora atafute mtu wa kumshika na uwanja mgumu usio na magari, na asione haya kuchukua muda.

Baiskeli niliyopata ni ya mtumba, ya kike, yaani bomba lake limeshuka chini hata unapitisha mguu bila kuurusha nyuma. Kwa mtu wa umri wangu hilo si pambo. Wazee wengi huanguka wakati wa kupanda na kushuka. Ina gia chache, mnyororo una kifuniko, usukani umeinuka nami nikakaa wima, nikiona mbele bila kuumiza shingo.

Fundi niliyempelekea, kijana mmoja karibu na soko, alikishusha kiti mpaka mwisho.

"Mama, hivi utafika chini vizuri. Kikiwa juu utaanguka."

Nilikwenda nayo mpaka kona na kurudi, goti likaanza kulalamika mbele, penye kile kifupa cha pia. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi sikati kitambaa cha mtu kabla sijampima. Nipime."

Alicheka, lakini alinishikia baiskeli nikakaa juu yake. Kipimo ni hiki: kaa kitini, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Halafu ukiendesha kwa sehemu ya mbele ya unyayo, inavyopasa, goti litabaki limekunjika kidogo tu. Kiti kikiwa chini sana goti hukunjika mno na kubanwa, na maumivu huja mbele. Kikiwa juu sana utayasikia nyuma ya goti, na nyonga zitakuwa zinayumba huku na huku. Yule kijana alikipandisha kidogo kidogo kwa spana, mimi napanda na kushuka, yeye anatazama goti, mpaka wateja wake wawili wakaacha shughuli yao wakawa wanatoa maoni. Mwisho tulikubaliana kiti kiwe chini kwa unene wa kidole kuliko kipimo, ili ncha za vidole zifike ardhini nikisimama. Mzoefu ataongeza. Namshukuru kijana yule, na sasa nasikia wazee wengine akiwapandisha huwapima.

Katika kuendesha, kanuni ni chache. Gia iwe nyepesi, miguu izunguke upesi bila kusukuma kwa nguvu. Mwenye baiskeli ya gia moja ashuke aisukume penye mwinuko au mchanga, hakuna atakayemdai. Anza na dakika kumi, upumzike siku inayofuata, uongeze kwa kuusikiliza mwili. Maumivu kidogo wakati wa kwenda yavumilika. Lakini yakidumu zaidi ya saa mbili baada ya kushuka, au ukaamka kesho yake goti limevimba, ulizidisha, punguza. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na hazilazimiki kuja kwa mkupuo. Mjukuu wangu alinivisha saa yake ya kuhesabu mapigo ya moyo, nikamrudishia. Baadhi ya dawa za presha huyazuia mapigo yasipande, na saa itasema umelala na wewe unahema. Kipimo changu ni mdomo: nikiweza kuzungumza na jirani lakini siwezi kuimba taarabu, mwendo ni sawa. Nikishindwa hata kuitikia salamu, napunguza. Na kifua kikibana au kichwa kikawa chepesi, nashuka papo hapo.

Jirani yangu ana kisukari cha sindano. Yeye hupima kabla ya kutoka, hubeba sukari au soda ndogo kikapuni, na akirudi huvua viatu akakagua nyayo zote mbili, kwa sababu mwenye ganzi ya miguu huweza kupata lengelenge asilisikie. Ndala hapandi nazo. Sote wawili twabeba maji, maana joto letu la Februari mwalijua, na baadhi ya vidonge vya presha hukukojoza hadi ukakauka.

Sasa wanawake wenzangu wataniuliza: na buibui? Hapa ndipo ufundi wangu ulipokuja na faida. Nimejishonea buibui la kuendeshea, pana chini kwa marinda mawili ubavuni, pindo lina lastiki inayokaa juu ya kifundo cha mguu, na ndani navaa suruali ya pamba. Mtandio naupachika pini, sining'inizi leso. Gurudumu la nyuma ndilo adui mkubwa wa nguo, kwa hiyo nimelifunika kila upande kwa kipande cha wavu wa kuvulia, nyuzi zake nimezifunga kwenye keria juu na kwenye ekseli chini. Wavu huo nilipewa bure ufuoni, ulikuwa umeshachanika. Wasichana wawili wa jirani wameniomba niwashonee kama hilo, nami nimeshawapima. Chumvi ya bahari hula mnyororo, basi naupaka mafuta ya cherehani. Fundi asema ni mepesi mno. Kweli, hukauka haraka, lakini kibarazani kwangu hayakosekani, nami hupaka mara kwa mara.

Jambo jingine ambalo halimo katika kitabu chochote cha daktari ni upepo. Njia niipendayo ni ile ya pwani, kushika kusini kuelekea Casuarina upande wa hifadhi ya bahari, ile iliyotengwa mwaka wa 1968. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, nakwenda ukinipiga usoni, miguu ikiwa bado mipya, nikarudi nyumbani ukinisukuma. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikianza nageuza: natangulia upande wa Lamu Road, kaskazini mwa mji, nikarejea na upepo mgongoni. Atakayefanya kinyume atafurahi kwenda, na kurudi atalilipia goti lake.

Nisije nikadanganya mtu. Baiskeli haikunirudishia gegedu. Bado nasali juu ya kiti, sijda ya chini siiwezi. Wala baiskeli haitoshelezi kila kitu, kwa kuwa mifupa hutaka pia kubeba uzito ndipo ikaze, na mizani ya mwili, yaani kusimama bila kuyumba, hutaka zoezi lake. Kwa hiyo natembea kidogo, na jioni nasimama na kuketi kitini bila kushika kitu, mara kadhaa. Lakini paja limekuwa na nguvu, ngazi mbili za kibaraza napanda bila kushika nguzo, na vidonge vya maumivu vimebaki kwenye droo ya cherehani pamoja na vifungo.

Haya, tuje barabarani.

Msomaji anayeendesha gari ajaribu kuiona lami kwa macho yangu. Niko pembezoni kabisa, nakwenda mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Nyuma yangu tuktuk inapiga honi. Dereva haniambii "nakupita". Ananiambia "toka". Nitoke niende wapi? Ukingo wa lami umemegeka meno meno, na chini yake kuna mteremko wa shubiri moja au zaidi, kisha mchanga. Gurudumu la mbele likishuka pale huzama na kugeuka lenyewe. Kijana ataruka. Mimi huweka mguu chini ghafla, uzito wote ukaangukia goti moja likiwa limejipinda. Pigo hilo moja huharibu kazi ya wiki nyingi, na hapo sijaanguka bado. Nikiamua kubaki juu ya lami, nakutana na malori ya chumvi kutoka Gongoni, ambayo upepo wake peke yake huyumbisha baiskeli. Nayaheshimu, mizigo yao ni riziki za watu, lakini hayana nafasi ya kunikwepa, na mimi sina nafasi ya kuyakwepa.

Mvua za masika zikija, maji hukata ukingo zaidi. Wakija watengenezaji huziba mashimo ya katikati, penye magari, wakaenda zao. Ukingo huachwa kana kwamba hakuna apitaye hapo. Wapitao ni wengi! Simamani asubuhi yoyote mkatazame: wauza maziwa, wabeba makuti, vijana wa mitungi ya maji, wanafunzi wawili wawili juu ya keria, wavuvi na vikapu. Malindi ilikuwa na baiskeli kabla bodaboda haijajulikana. Sisi wazee wa magoti tumejiunga na msafara uliokuwepo.

Dada yangu aliyeolewa Lamu hunicheka kwenye simu. Mji wao wa kale, ulioingia katika orodha ya turathi za dunia mwaka wa 2001, vichochoro vyake ni vya miguu na punda, na kila kitu kiko karibu. Kwao baiskeli ingekuwa usumbufu. Huku kwetu mji umetawanyika: soko huku, zahanati kule, maziko upande mwingine, na kila ukinyanyua mguu ni pesa ya tuktuk. Tuktuk yenyewe nayo, matuta yetu haya, hutingisha mgongo hadi ukashuka umepinda.

Ninachoomba si njia ya rangi na alama za Ulaya. Naomba ukingo ujazwe na kushindiliwa uwe sawa na lami, upana wa mita moja na nusu tu, na uzuiwe kugeuzwa maegesho ya bodaboda na rundo la mchanga wa ujenzi. Naomba matuta yaachiwe mwanya pembeni, baiskeli ipite bila kurushwa. Naomba vituo vya afya viweke chuma cha kufungia baiskeli ndani ya lango. Kituo kimoja, sitakitaja, askari alinizuia kuingia nayo, akasema niiache nje kwa muuza njugu. Ndani, nilikokwenda kupimwa presha, ukuta una picha kubwa inayosema fanya mazoezi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, yasema wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika shughuli za jamii. Mimi siwezi kushiriki nikiwa nimefungiwa nyumbani na shubiri moja ya lami iliyomegeka.

Ndugu zangu wa tuktuk na bodaboda, wengi wenu suruali zenu nimezipunguza mimi. Mkinikuta, pigeni honi mapema na kwa upole mkiwa bado mbali, kisha mnipite kwa nafasi ya mkono ulionyooshwa. Sitashuka mchangani, mjue hivyo, wala si kiburi.

Na wale wanaonong'ona kwamba bi mzima juu ya baiskeli ni fedheha, mimi nawapita na salamu. Mmoja wao juzi aliniuliza kwa sauti ya chini kiti chake kingekuwa urefu gani, maana naye ni mfupi.

Bajeti ya barabara za kaunti ikijadiliwa, wananchi huitwa kutoa maoni. Nitakuwepo, na kipimo cha ukingo nitakuja nacho kimeandikwa, nimekipima kwa futi ya kushonea kutoka Maweni mpaka mjini, kila palipomegeka. Mwakilishi wetu wa wadi akitaka kukiona kabla ya hapo, kibaraza changu kiko wazi kuanzia saa tatu asubuhi.

Fundi wa nguo,
Maweni, Malindi